Tembe Katika Picha: Nani Hasa Mtunzi?

Najua wapo watakaoguna. Jarida hili ni la uhakiki wa fasihi, tumelizoea na riwaya na ushairi wake, sasa mwanafunzi mmoja anatuletea habari za picha za tembe na vibanda! Hoja yangu ni nyepesi. Tunalo neno moja, utunzi, tunalolitumia kwa shairi, kwa wimbo na kwa ngonjera, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba neno hilo linakomea kwenye maandishi. Mtu anayesimama mbele ya banda akiwa na kamera anachagua asimame wapi, aingize nini na aache nini, kipi kitangulie na kipi kifichwe. Hayo ndiyo anayoyafanya msimulizi. Basi naye ahojiwe kama tunavyowahoji wasimulizi.

Sababu ya pili ni ya hapa petu. Tunasoma Kikuyu, katikati ya Ugogo, na bado wapo kati yetu watakaomaliza miaka mitatu bila kuingia ndani ya tembe hata moja. Mjini nyumba hii imekuwa adimu, na vijijini inazidi kupungua. Mtoto anayezaliwa Dodoma mwaka huu huenda akaijua kwa picha tu. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaelewa vizuri yanayotokea pale jambo linaponusurika kwa mkono wa aliyelirekodi: tangu siku hiyo aliyerekodi ndiye anayekuwa mwenye nalo. Ngano ikishaandikwa, hatuulizi tena bibi aliisimuliaje. Kwa hiyo suala la picha ipi ya tembe ni nzuri na ipi ni mbaya si suala la mapambo.

Kwanza tuelewane tembe ni kitu gani, maana nimegundua kuwa wenzetu wengi kutoka Kagera na Pwani hudhani tembe ni kibanda chochote cha udongo. Siyo. Tembe ni nyumba ndefu, ya chini, yenye paa bapa. Miti huchimbiwa wima ikiwa imekaribiana, ikabanwa kwa fito, kisha ikakandikwa udongo. Ndani husimamishwa nguzo zenye panda. Juu ya panda hupita boriti, juu ya boriti hulazwa miti na matawi, halafu nyasi, halafu udongo ukashindiliwa. Yaani paa lenyewe ni ardhi. Nyumba hii haikui kwenda juu. Hukua kwenda pembeni, na ikifika mahali hukata kona, hata bawa moja likakutana na jingine na kuuzunguka ua. Usiku ng'ombe hulala katika ua huo. Ukuta wa nje hauna madirisha ya kutajika, na mlango ni mfupi, hivyo mgeni huingia ameinama, apende asipende. Nafaka huhifadhiwa humo humo ndani katika vihenge, na paa linafaa kwa kuanikia vitu juani.

Umbo hilo halikuzuka tu. Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Paa la udongo linaweza kustahimili hapa. Lipeleke Bukoba, kunakonyesha zaidi ya mara tatu ya hapo, uone kama litamaliza masika moja. Mfugaji naye anataka mifugo yake iwe ndani ya kuta, si nje yake. Miti mirefu iliyonyooka haipatikani kwa wingi, basi nyumba inajengwa kwa miti mifupi mingi. Haya ndiyo masharti ya utunzi wa tembe, kama vile vina na mizani vilivyo masharti ya mtunzi wa shairi la kimapokeo. Anayeyajua masharti hayo ataona ufundi pale ambapo mwingine anaona udongo mtupu.

Sasa mpe mpiga picha umbo hili. Taabu inaanza. Msonge wa Kihaya, kwa mfano, ni picha tayari kabla hujatoa kamera mfukoni: una kilele, una mstari wa mviringo, nyasi zake zinatupa kivuli. Tembe ikitazamwa kwa mbali ni mstari tu. Rangi ya ukuta ni rangi ya ardhi iliyouzaa. Haina kilele, haina pembe tatu, na upande inaouonyesha dunia ni ule usio na kitu. Mafundi wa picha hutufundisha tutafute umbo lenye nguvu, tofauti ya mwanga na giza, na mstari wa kuliongoza jicho. Tembe haitoi hayo kwa urahisi, na hapo ndipo mpiga picha anapoamua kuisaidia.

Msaada wenyewe mnaujua. Anatafuta mbuyu. Anasubiri jua lizame ili anga liwe jekundu. Anamweka mtoto mlangoni, ikibidi na mbuzi. Mstari wa upeo wa macho anaushusha hadi theluthi ya chini, tembe inabaki kijivuli cheusi pembeni mwa fremu, na anga linatawala. Picha za namna hii nimeziona kwenye kalenda, kwenye kuta za mapokezi ya nyumba za wageni, na siku hizi kwenye simu za nusu ya darasa letu. Nazo, tuseme ukweli, zimepangwa vizuri. Uzani upo, mistari ipo, rangi ipo. Mwalimu wa upigaji picha angezipa alama za juu.

Mimi huzipima kwa njia moja ya kishamba. Ninaifunika tembe kwa kidole gumba. Kama picha bado inasimama, kama mbuyu na machweo bado vinapendeza vilevile, basi tembe haikuwa mhusika, ilikuwa kisingizio. Ni sawa na ile riwaya ambayo ukimtoa mhusika anayeitwa mkuu hakuna tukio linaloyumba. Nguvu ya utunzi ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kuazima. Picha nyingi za tembe nilizozipima hivyo zinaanguka. Na si za wageni peke yao, jamani. Za kwetu pia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba mpangilio ni fani na tembe ni maudhui, kwa hiyo mtu akipata fani kali amefaulu nusu ya kazi. Tulipokuwa kidato cha tano na cha sita tulikaririshwa mifano ya uhusiano wa fani na maudhui: mara chungwa, mara sarafu, mara kitunguu. Kila mfano una watetezi wake. Lakini jaribuni kuimenya tembe. Ondoa paa, unakuta ardhi. Ondoa ukuta, unakuta zizi. Sura ya nyumba ni maelezo ya namna watu na ng'ombe wanavyolala, na ya mvua isiyonyesha. Mpiga picha akileta fani yake kutoka nje na kuibandika juu yake, hajaongeza kitu. Amefuta fani iliyokuwepo.

Huko nyuma mambo hayakuwa tofauti sana. Richard Burton na John Speke walipita Ugogo mwaka 1857, Henry Stanley akapita mwaka 1871, wote wakielekea Unyamwezi, na wote waliandika. Kamera haikuwa kitu cha kubeba kiwepesi katika misafara ile. Tulichobakiwa nacho ni maneno na michoro. Lakini pembe ya kutazamia ilikwisha kuwekwa. Ugogo ilikuwa maarufu kwa hongo: msafara haukupita wala kunywa maji kabla ya kuelewana na mtemi. Msafiri anayesubiri kudaiwa hongo, akiwa amepiga kambi nje, anaona nini? Anaona ukuta mrefu usio na dirisha. Ua haumo katika simulizi yake kama unavyopaswa kuwemo, kwa kuwa yeye hakuwa mgeni wa uani. Huyu tungemwita msimulizi wa nafsi ya tatu ambaye hajui yote ila anajifanya anajua.

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani, na kamera zikafika kwa garimoshi. Picha za zama zile nilizopata kuziona, za hapa na za sehemu nyingine za koloni, zina tabia moja: mpiga picha yuko mbali, watu wamepangwa mbele ya ukuta, wamenyooka, hawafanyi lolote. Wamewekwa ili jengo lionekane ukubwa wake, kama mtu anavyoweka rula kando ya mfupa. Siwezi kusema picha zile hazina maana. Zina taarifa ambazo leo huzipati popote: namna miti ilivyofungwa, urefu wa mabawa, unene wa paa. Kwa mtu anayetaka kujenga tembe zinafaa kuliko kalenda zetu zote.

Halafu ikaja Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, na baadaye kampeni za nyumba bora. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kufyatua matofali Chamwino. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Na mstari wa nyumba, angalieni, ni utunzi wenye nguvu ajabu mbele ya kamera: paa la kwanza kubwa, la pili dogo kidogo, la tatu dogo zaidi, mpaka jicho linafikishwa kwenye upeo wa macho bila kusukumwa. Huo ndio mstari ambao tembe haikuutoa. Katika mantiki ya kampeni ile tembe ilikuwa "kabla" na nyumba ya mstari ilikuwa "baada". Riwaya kama Gamba la Nyoka ya Kezilahabi (1979) imetuzoesha kuuliza aliyehamishwa alisemaje. Picha hatujazizoea kuziuliza hivyo. Tunaona mstari umenyooka, tunaridhika.

Tembe nyingine imewekwa Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa miaka ya 1960, pamoja na nyumba za makabila mengine. Ni jambo jema kwamba ipo. Lakini huko haina ng'ombe wake, haina ukame wake. Ni methali iliyotolewa kwenye mazungumzo ikaandikwa kwenye kamusi: maneno yote yapo, aliyesemwa hayupo.

Nikageukia nje, si kwa sababu wa nje ni bora, bali nilitaka kuona watu waliozipiga nyumba ndogo na mabanda kwa miaka mingi walifika wapi. Watatu wananihusu hapa.

Wa kwanza ni Walker Evans, Mmarekani. Mwaka 1936 alikwenda Alabama pamoja na mwandishi James Agee, wakakaa na familia za wakulima maskini wa pamba. Kitabu chao kikatoka mwaka 1941. Evans anasimama mbele ya banda uso kwa uso. Hainamii upande, hatafuti machweo. Mbao ni mbao, msumari ni msumari, na mwanga unaangukia mahali kila ubao ulipopasuka. Funika lile banda kwa kidole gumba, hakibaki kitu. Kwa kipimo changu amefaulu. Lakini miaka ilivyokwenda, baadhi ya watu wa familia zile walilalamika kwamba walionyeshwa ulimwenguni katika hali ya kuwadhalilisha. Mnaona? Utunzi ulikuwa mkali, banda ndilo lililokuwa mhusika, na bado mwenye banda hakuridhika. Kwa hiyo kipimo cha kidole gumba ni cha lazima ila hakitoshi.

Wa pili ni mume na mke, Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani. Hawa walipiga minara ya maji, matangi ya gesi na majengo ya migodi, kwa miongo mingi, daima anga likiwa la mawingu ili kivuli kisiingilie, daima kutoka mbele na kwa umbali unaolingana. Kisha wakazipanga picha tisa, kumi na mbili, kumi na tano pamoja, kama beti. Mwaka 1990 walipewa tuzo kubwa huko Venice, nayo ilikuwa ya uchongaji, si ya picha! Faida ya mpango wao ni kwamba jicho linaacha kutafuta lililo zuri kuliko mengine na linaanza kuona maamuzi ya mjenzi mmoja na mwingine. Nikiwaza tembe ishirini zimepangwa hivyo ninapata hamu. Hii imekata kona mapema kwa sababu ya mwamba, ile imeongezwa bawa, nyingine imebaki bawa moja kwa kuwa watoto wamehama. Ila Becher hawakutaka watu kwenye picha zao. Mnara wa maji unaweza kuvumilia hilo. Tembe bila ndama, bila kinu, bila mtu aliyeinama mlangoni, sidhani.

Wa tatu ndiye ninayempenda. William Christenberry alizaliwa Alabama mwaka 1936, na kuanzia miaka ya 1960 alikuwa akirudi Hale, wilaya ileile aliyoipiga Evans, akipiga majengo yaleyale, mwaka baada ya mwaka. Alianza na kamera ndogo ya Brownie, ile ya sanduku wanayopewa watoto. Ghala lililopakwa rangi ya kijani, kibanda cha mpiga ramli, duka la njiani: analipiga mwaka huu, anarudi mwaka unaofuata, mmea umepanda ukutani, anarudi tena, paa limeinama, mwisho anarudi, hapana kitu, ni nyasi. Alitengeneza pia vinyago vya majengo hayo na kuvisimamisha juu ya udongo mwekundu wa kwao. Alifariki mwaka 2016.

Kwa nini yeye? Kwa sababu tembe si kitu kilichokamilika siku moja. Kila baada ya mvua ukuta hukandikwa upya pale ulipomeguka, paa huongezewa udongo, nguzo iliyoliwa na mchwa hubadilishwa. Tembe ya miaka thelathini ina udongo mchache sana wa mwaka wa kwanza. Ni kama wimbo wa kilimo: tunasema ni uleule, na kila msimu unaimbwa upya. Picha moja, hata ipangwe kwa ufundi gani, inakata tendo hilo katikati na kutuonyesha ama upya ama uchakavu. Mpiga picha wa kalenda hupenda uchakavu, mtu wa kampeni naye hupenda uchakavu, kila mmoja kwa sababu yake. Ukarabati haupigwi picha.

Muhula uliopita mimi na mwenzangu mmoja tuliazima kamera, tukapanda gari la abiria njia ya kwenda Mvumi, tukashuka mahali tulipoona mapaa bapa. Tulikuwa na mipango yetu. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, mwanga unapita sambamba na ukuta na kuonyesha kila alama ya vidole vya aliyekandika. Hilo tulilipata, na ninawashauri wenye kamera walijaribu: saa moja hadi saa mbili, ukuta unaotazama kusini au kaskazini, usimame mbali kiasi kwamba tembe ijaze fremu kutoka upande hadi upande. Usiogope kwamba picha imekuwa ndefu na nyembamba. Ndivyo nyumba ilivyo. Anga liache dogo. Ukishusha kamera chini mno, ukuta unakuwa ngome na wewe unakuwa Burton. Ukipanda juu ya kichuguu au ngazi kidogo, unaliona paa, na ukiliona paa unaelewa ghafla kwamba ni uwanja wa kufanyia kazi.

Tulikuwa tumeomba ruhusa na kuruhusiwa, tuko nyuma ya nyumba tunapiga viraka vya udongo, wenye nyumba akaja. Bibi mtu mzima. Tukamwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, akasimama akitutazama.

"Wajukuu zangu, huko nyuma mnapiga nini?"

"Ukuta, bibi."

"Ukuta ndiyo nyumba? Nyumba iko ndani. Njooni."

Tukainama, tukaingia. Baada ya giza la chumba tukatokea uani, na hapo mistari yote ambayo vitabu vinaidai ilikuwepo. Nguzo zenye panda zilikuwa zimesimama kwa safu mbele ya kibaraza, kila moja imegawanyika juu mahali pake, hakuna mbili zilizofanana, na boriti imetulia juu yake ikipandapanda na kushukashuka kama mtu anayetembea. Kivuli cha paa kilikata ua sehemu mbili. Kwa mlango wa chumba ulionekana ukingo wa kihenge. Aliyeijenga nyumba ile aliweka utunzi wake wote upande huo, na nje akaacha ukuta wa kimya. Kumbe kilichoitwa udhaifu wa tembe mbele ya kamera ni kwamba kamera zilisimama upande usioandikwa! Picha sita tulizozipiga uani, zote zinapita kipimo cha kidole gumba. Ondoa nguzo, hakuna picha.

Mwenzetu mmoja wa bwenini alipoziona alisema tunapamba umaskini. Ni hoja nzito, siipuuzi. Tembe ina giza, moshi hauna pa kutokea, paa zito likishaloa huvuja na huweza kuanguka. Zaidi ya hayo, papasi hupenda sakafu na kuta za udongo, na homa ya papasi imewatesa watu wa maeneo haya ya Mvumi na Dodoma miaka na miaka. Madaktari wameiandikia sana. Hakuna picha inayoonyesha papasi. Mtu anayehama tembe kwenda nyumba ya tofali na bati hahitaji kuhubiriwa utamaduni na mwanafunzi anayelala juu ya godoro chini ya dari. Nakubali yote hayo. Lakini kukubali kwamba nyumba ina kasoro hakunilazimishi kukubali kwamba haina mtunzi. Mashairi mangapi tunayahakiki ambayo falsafa yake hatuikubali? Na bado tunahesabu mizani yake kwa heshima.

Tena si tembe pekee. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, kila kiwanja kinachojengwa kina kibanda: cha mlinzi, cha kutunzia saruji, cha mama lishe anayewapikia mafundi. Hapa Kikuyu unaweza kuvihesabu ukienda dukani. Vimejengwa kwa mabanzi, bati lenye kutu, turubai, na mbao zilizokwisha kutumika kumwagia zege, zenye ukoko wa saruji bado. Kibanda hudumu kadiri nyumba kubwa inavyojengwa, kisha hubomolewa na mbao zake huhamia kiwanja kingine. Ni utunzi wa papo kwa papo kabisa, kama majibizano ya malumbano: unajibu kwa neno ulilonalo mdomoni. Wapiga picha hawavitazami kwa kuwa si vya "asili" wala si vya maendeleo. Mimi nimeanza kurudia kibanda kimoja kila mwisho wa mwezi, mahali palepale, saa ileile, kwa mtindo wa yule wa Alabama. Mwezi wa pili kilikuwa kimeongezewa kivuli cha magunia. Mwezi wa tatu benchi. Watu wanaona naharibu muda.

Narudi kwa yule bibi, maana alitupa mtihani mwingine. Tulipomaliza uani alisema sasa tumpige yeye. Tukadhani atasimama kwenye kibaraza, kati ya zile nguzo. Tulishaiona picha vichwani mwetu. Akatutoa nje tena, akatupeleka pembeni, mahali mwanawe alipojenga vyumba viwili vya tofali na bati jipya, na akajinyoosha mbele ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu. Alikuwa amekwenda kubadili kitenge. Mwenzangu akanong'ona kwamba mwanga ni mbaya, jua limeshapanda, bati linang'aa kupita kiasi. Kweli ulikuwa mbaya. Bibi akasema, "Piga ionekane na bati."

Tukapiga ikaonekana na bati. Ukiipima kwa vitabu, picha ile ina makosa yote: mhusika yuko katikati kabisa, kivuli cha usoni ni kikali, juu bati limekuwa weupe mtupu. Mwenzangu anataka tuiache tunapoandaa picha za kubandika ukumbini. Mimi ninataka iwekwe, tena kando ya zile sita za uani, kwa ukubwa uleule, kwa sababu katika picha zote saba ni hii tu ambayo mwenye nyumba ndiye aliyechagua asimame wapi, aingize nini na aache nini. Hata hivyo hakufanikiwa kuacha kila kitu. Nyumba ya mwanawe imejengwa kwa kugusana na tembe, na upande wa kushoto wa picha, nyuma ya bega lake, kona ya ukuta wa udongo imeingia kiasi cha shubiri moja, ina kiraka kipya ambacho bado hakijakauka.